Bega la Baba Yohana

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo sijui nicheke au nijifunike kanga usoni. Nitakusimulia ilivyokuwa, usinionee haya.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa iliyonishinda. Mjomba wangu Mhina alinichukua kwenye karakana yake pale Chanika, Handeni. Alichomelea mageti na madirisha kama mafundi wengine, ila akipata nafasi alitengeneza visanamu vya nati, spoku na minyororo ya baiskeli: kanga na vifaranga wake, mwanamke anayetwanga. Kazi yangu ilikuwa kuvisafisha. Unajua chuma kikishachomelewa kinavyobaki: ganda jeusi juu ya kiungo, na vitone vilivyoruka vikagandia hovyo. Mafundi wanayaita mavi ya chuma. Nilikuwa nagonga kwa kinyundo, napiga brashi ya waya, halafu nasaga kwa tupa, halafu msasa. Na niliipenda kazi ile kupita kiasi, nakwambia kweli. Nilikotoka niliambiwa kila siku kwamba sijui kitu. Hapa kila kilichopita mkononi mwangu kiling'aa.

Basi akaja Mama Yohana, mjane wa Mazinde. Mumewe alikata mkonge maisha yake yote, akafa bila kuacha hata picha moja. Mama akamweleza mjomba mume wake alivyokuwa, alivyosimama, alivyobeba mzigo, akaomba atengenezewe sanamu yake. Siku hiyo mimi sikuwepo. Mjomba akachomelea mtu mdogo, urefu wake shubiri moja, akaniachia mezani nisafishe, naye akaenda Korogwe kununua vijiti vya kuchomelea.

Nikasafisha. Begani, upande wa kulia, nikakuta kitone kikubwa kama punje ya harage. Nikajisemea, mjomba naye anazeeka, mkono umeanza kutetemeka. Nikakilaza kwa tupa mpaka bega likawa laini kabisa.

Kesho yake mama akaja kuchukua sanamu yake. Akaishika, akapitisha kidole gumba begani. Akapitisha tena. Akahamia bega la pili, akarudi la kwanza.

"Fundi, mbona hapa hakuna kitu?"

Nikadakia mimi, kwa kujisifu: "Yalikuwa mavi ya chuma tu, mama. Nimeyatoa yote."

Mama akamtazama mjomba. Mjomba akanitazama mimi. Mimi sikuelewa hata kidogo. Nikadhani haing'ai vya kutosha, nikaichukua mikononi mwake, nikaisugua kwa ncha ya kanga yangu! Nikamrudishia huku natabasamu. Hebu fikiria, mwanangu.

"Ile ilikuwa sugu yake, binti," mama akasema taratibu. "Mzigo wa mkonge ulikaa hapo miaka yote. Akirudi kazini nilikuwa namkanda. Sura yake imeanza kunipotea, nikasema walau hapo mkono wangu utamjua."

Maneno niliyasikia, lakini kichwa kiligoma. Kwenye sanamu ileile nilikuwa nimetoa vitone zaidi ya kumi, vyote vya chuma kilekile, moto uleule. Kimoja kati ya hivyo kinakuwaje mume wa mtu? Nikahisi nimeonewa, nikahisi nimekosa, vyote kwa pamoja. Machozi yakanitoka, nikamgeukia mjomba kwa hasira.

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Ungeuliza," akasema.

Akavaa miwani yake, akaweka kitone kipya palepale. Kilipopoa kilikuwa kimezungukwa na ganda jeusi. Nilitegemea atalisafisha mwenyewe, akanipa mimi. Nikashika tupa, nikaiweka chini, mimi niliyesema mjomba anazeeka. Sikujua tena ganda linaishia wapi na bega linaanzia wapi. Kwa mara ya kwanza tangu niingie karakana ile, nikauliza.

"Mama, hapa nitoe au niache?"

Akafumba macho, akaweka kidole. "Toa kidogo." Nikatoa. "Kidogo tena." Nikapiga tupa polepole, huku sipumui. "Basi. Acha hapo."

Kidole chake hakikuondoka. Akakizungusha juu ya sugu ile kama mtu anayekanda, akasema kwa sauti ndogo, wala hakuwa anatuambia sisi:

"Pole na kazi, Baba Yohana."

Mwanangu, usidhani siku hiyo nilipata macho ya kuona. Mpaka leo, na mvi hizi, nashika chuma nabaki nimeduwaa: hiki cha kutupa, hiki cha kubaki? Sijui. Ninachojua ni kwamba sijui, na ndicho ninachokuachia. Kabla hujasafisha kitu cha mtu, nyumba yake, maneno yake, hata tabia yake inayokukera, muulize kwanza kuna nini pale. Kuuliza hakukupunguzii ufundi. Ulichokilaza kwa tupa hakirudi kilekile. Hata kile cha Baba Yohana tulichorudisha kilikuwa kingine, mama alitusamehe tu.

Mungu akupe mkono wenye subira, akujaalie watu wa kukuambia "acha hapo" ukiwa bado hujaharibu, na kazi yako imfikie mwenye nayo akaitambua kwa kuigusa tu. Amina.