Shaha Aliyeruka Kama Farasi

Enzi zetu, ukitoka chuo cha Kurani baada ya alasiri hukukimbilia simu, ulikimbilia baraza. Letu lilikuwa la babu yangu, fundi wa milango, katika kichochoro cha Mji wa Kale chembamba mno, hata jirani wa upande wa pili alitupitishia mabuyu dirishani bila kushuka ngazi. Babu alichonga kete za sataranji kwa vipande vya mvule vilivyobaki kazini. Pale palinukia unga wa mbao na kahawa chungu, na mpaka leo nikisikia harufu hizo mbili pamoja, macho hunilegea, nikawaona farasi na askari wakitembea wenyewe ubaoni.

"Ukishagusa, cheza," ndiyo iliyokuwa kauli yake. Watoto wa siku hizi hugusa kioo, wakafuta, wakarudi nyuma, na bado wakanuna. Sisi tuliikalia mikono yetu isije ikatuponza.

Babu alinifunza sataranji aliyofunzwa na babake. Shaha, yaani mfalme, alikuwa na ruhusa ya kuruka mara moja kama farasi. Barazani kwetu hakuna aliyeshangaa. Nilipofika miaka kumi na mitatu, mwalimu wangu wa shule akanipeleka Nairobi kushindana. Nikashinda hadi ukabaki mchezo mmoja, na huo nao nikiushinda, naingia timu ya taifa ya watoto. Nikabanwa kidogo, nikamrusha shaha wangu kwa raha zangu. Mwamuzi akaja, akasema sheria hiyo haipo. Na kwa kuwa nilishamgusa, ikanilazimu nimsogeze hatua moja, na nafasi iliyobaki ilikuwa mbaya. Nikashindwa, ukumbi ukacheka.

Babu alikuwa akinisubiri barazani na kashata. Nikamwambia, "Umenifunza uongo, Babu."

Akaipangusa kete moja kwa ncha ya kikoi. Kisha akasema, "Basi nifunze hiyo yao, mwanangu. Tuanze leo."

Nikamjibu sina wakati, nikaingia ndani. Aliniomba tena mara mbili, kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Nami nilikuwa bado nimevimba kwa hasira. Mwaka haukuisha, akafariki.

Tangu hapo nimekuwa bingwa, nimetembea nchi za watu, nimeandika kitabu cha kufundishia, na kila Jumamosi nina darasa la watoto kule Tudor. Wana kompyuta ya kuwaonyesha kosa kabla hawajapumua. Wananifunga huku wanakula viazi karai, kete zangu zote zinang'aa mafuta. Nawapenda, wallahi, ingawa hakuna hata mmoja anayejua kukaa kimya barazani mpaka kahawa ipoe. Wengine wamesoma kitabu changu mbali huko, nisiwajue hata majina. Lakini mtu wa kwanza kuniomba nimfundishe alikuwa babu yangu, na nilimwambia sina wakati.