Paa la Mgrivea Mbichi

Mkosaji ni mimi, na msinitafutie visingizio. Sina hata kimoja!

Nilikuwa na karakana ya useremala Soweto, hapa Moshi, miaka ile biashara huria imepamba moto. Akaja mkubwa mmoja wa elimu kutoka nchi jirani, ndiyo kwanza wametoka kuuana wenyewe kwa wenyewe. Alitaka mbao za paa la shule. Mkataba ulisema mninga mkavu.

"Fundi, nani atakagua?" akaniambia huku anacheka. "Weka hata mgrivea. Karatasi iseme mninga, kinachobaki tunagawana. Serikali yetu changa, haina macho bado."

Mgrivea! Mti wa kivuli kwenye kahawa zetu, tena nilipasua mbichi. Nikaupaka dawa nyeusi ya mchwa kuficha rangi, nikaenda kupaua mwenyewe. Nilijua nafanya nini!

Mwalimu mkuu alikuwa mama mjane. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiwabembeleza wazazi wa pande zote mbili za vita, watoto wao wasome darasa moja. "Safari hii serikali haitatudanganya," aliwaambia, akawaonyesha paa langu.

Masika ya kwanza mbao zilipinda, paa likaanguka. Bahati watoto walikuwa nje. Lakini wazazi walikuja, kila upande ukachukua wa kwao. "Serikali ni ileile!" walisema. Darasa likafa.

Nikafanya kama tunavyofanya Wachagga. Nilichuma jani la isale kwenye kihamba cha baba, shamba letu la ukoo, maana kwetu ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe. Nikasafiri nalo siku mbili. Nikampa mwalimu kwa mikono miwili.

Alilitazama. "Fundi, hili ni jani. Mimi niliomba mbao."

Akanirudishia! Na mimi, mwizi mkubwa, nikamkasirikia yeye! Nilifika nusu ya safari ndipo aibu ikanishika.

Niliuza mashine yangu ya kuranda, nikanunua mninga, nikapaua upya bure. Paa lile limesimama imara. Chini yake wamekaa watoto wa upande mmoja tu.

Yule mkubwa? Kapandishwa cheo, shenzi!

Wewe fundi, wewe karani, ukiambiwa hakuna atakayekagua, kataa hapohapo. Mbao nilizirudisha. Wale watoto wengine hawajarudi mpaka leo.