Vitunguu vya Bujiku Kwenye Ardhi ya Chumvi

Bujiku alirudi Kishapu kutoka machimboni Geita akiwa na pampu ya maji na dharau nyingi. Miaka tisa alikuwa ametafuta dhahabu asiipate, lakini machoni pake sisi wakulima wa pamba ndio tusiojua kitu.

Akachagua kipande cha bondeni ambacho hakuna aliyewahi kukilima. Kila kiangazi udongo wa pale hutoa unga mweupe, na ng'ombe huulamba. Dada yake mkubwa, Mbuke, alimwonya mapema.

"Pale pana chumvi, Bujiku. Ng'ombe hawalambi udongo bure."

"Kumbe ng'ombe ndio walimu wenu, dada?"

Akachimba kisima palepale, akasia mbegu za vitunguu, akamwagilia asubuhi na jioni. Wiki mbili zikapita. Kitalu kizima kilikuwa na miche isiyozidi ishirini, myembamba kama sindano, ncha zake zimeungua. Mtu mwenye akili angesimama afikiri. Yeye aliongeza maji, na maji yenyewe yalikuwa ya chumvi. Hata ile miche ishirini ikanyauka. Ndipo akaenda dukani na kumwita mwenye duka mwizi, mbele za watu, eti kamuuzia mbegu feki.

Mbuke aliona aibu. Akachukua mbegu zilizobaki kwenye pakiti, akazigawa katika makopo mawili yenye vitambaa. Kimoja alikilowesha maji ya kisima cha Bujiku, kingine maji ya mvua yaliyobaki kwenye tangi lake. Siku ya nane akamwita mdogo wake. Kopo la maji ya mvua lilikuwa limejaa vichipukizi. La kisima lilikuwa na viwili tu, vimedumaa.

"Mbegu ni zilezile," Mbuke alisema. "Chumvi inayashika maji, mbegu inashindwa kuyanywa. Inakufa kiu huku imelowa."

Bujiku aliyatazama makopo kwa muda mrefu. Nadhani alielewa, na hilo ndilo linalonichefua zaidi.

"Kopo si shamba," akasema, akaenda kununua mbegu nyingine.

Alisia mara ya tatu, mara ya nne. Mwishowe hata watani wake walichoka kumcheka. Mwezi wa kumi akarudi Geita bila kumuaga mtu, wala kumwomba radhi mwenye duka.

Mvua zilipoanza, Mbuke hakukurupuka. Alingoja mpaka zikauosha udongo chumvi vya kutosha, akapiga matuta pembeni mwa kipande kilekile, kwenye mwinuko, akapanda pamba. Katikati, penye unga mweupe, hakupagusa. Pamba ilitoka fupi kuliko yetu, ila ilitoka, na ikazaa.

Bujiku alipopata habari alipiga simu.

"Si niliwaambia ile ardhi ni nzuri?"

Mbuke alikata simu, akaendelea kuchuma.