Baba Hakuwahi Kunibeba Mgongoni

Jamani, kuna siku baba yangu mzazi alimshika mwanafunzi wangu miguu katikati ya uwanja wa shule, akawa anamlilia, "Sema! Sema na mimi!"

Mwanafunzi mwenyewe mzima wa afya, ametulia tu mgongoni kwa mwenzake.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni mwalimu wa historia, na mdomo wangu hauna breki. Tangu utotoni. Mama alikuwa akinifokea, "Hebu funga domo lako!" Baba, askari mstaafu, anamkatiza: "Mwache aongee."

Ila kunibeba mgongoni, hapana. Watoto wa jirani wanarukia migongo ya baba zao, mimi nikijaribu ananishusha kama kaa la moto. Nilikua nikiamini hanipendi. Iliniuma, sitaki kudanganya.

Sasa, tulipofika mada ya vita, wanafunzi wangu walijua vita vya kwenye simu tu. Ukifa, unabonyeza, unaanza upya. Nikamwomba baba aje awasimulie vya kwake. Akakataa, nikambembeleza, akakataa tena. Mwishowe akasema, "Sawa. Lakini uwanjani, si darasani."

Hata salamu hazijaisha, kijana mmoja akaropoka, "Babu, uliua wangapi?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Baba akasema, "Kila mtu ambebe mwenzake mgongoni, mzunguke uwanja. Anayebebwa aongee. Asinyamaze."

Wakaanza kwa mbwembwe. Baadaye jasho likawatoka, vicheko vikakata. Binti mmoja tunayemwita Redio akachoka kuongea, akalaza kichwa begani kwa mwenzake.

Hapo ndipo baba alipomrukia, akamshika miguu na kumlilia aseme.

"Babu, nipo!" Redio akasema kwa hofu. "Nipo, nimechoka tu!"

Baba akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

"Nilimbeba mdogo wangu hivyohivyo," akasema. "Alipigwa risasi ya tumbo. Njia nzima anaongea tu, mambo ya nyumbani, mambo ya mama. Nikachoka. Nikamwambia, 'Nyamaza kidogo, nipumue.'"

Akafuta vumbi usoni.

"Akanitii. Mpaka leo sijui alininyamazia wapi. Nilifika kambini nimebeba maiti."

Yule kijana wa "uliua wangapi" alikuwa analia bila kujificha.

Nikamsogelea baba. "Ndiyo maana hukuwahi kunibeba?"

"Nilikubeba, mwanangu. Mara moja. Ulikuwa mdogo sana, ukasinzia mgongoni. Nilipiga yowe mpaka majirani wakatoka. Mama yako ndiye aliyekupokea."

Nililia mbele ya darasa langu zima, na sioni haya kusema. Miaka yote nilikuwa namdai mgongo. Kumbe kila aliposema "mwache aongee", alikuwa anasikiliza kama bado nipo.

Wewe unayesoma hapa, kama kwenu kuna mzee aliyepigana vita, usimuulize aliua wangapi. Muulize alimbeba nani. Na umuulize sasa hivi, angali anaweza kukujibu.

Jioni ile mimi na baba tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilianza kuongea pale getini pa shule, na sikunyamaza mpaka mama alipotufungulia mlango.