Mama Kadi wa Dirisha la Haraka

Jina lake halisi wafanyakazi wenzake walishalisahau, na walinzi wa getini hawakuwahi kulijua. Kila mtu alimwita Mama Kadi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kugawa kadi. Alikaa ghorofa ya tatu ya jengo la uhamiaji, nyuma ya kioo kisafi, juu yake pameandikwa kwa herufi za bluu: Huduma ya Haraka, Wataalamu wa Teknolojia. Mtu aliyefika hapo alikuwa ameshamaliza mambo yote. Kilichobaki ni kunyoosha mkono, kupokea kibali chake cha kazi, kadi ngumu yenye picha yake, na kwenda kuanza kazi Jumatatu.

Na Mama Kadi alikuwa na madoido yake. Kadi hakuisukuma chini ya kioo kama mtu anayewatupia kuku punje. Aliitoa kwa mikono miwili, akalitamka jina la mwenyewe kwa sauti, akamwambia karibu sana. Majina yenyewe sasa! Mengine yalianza na herufi ambazo hazijawahi kukaa pamoja mdomoni mwa mtu, mengine ulihitaji kukohoa katikati ndipo yatoke. Aliyabeba kichwani hadi nyumbani, akayafanyia mazoezi huku akimenya vitunguu, na mumewe, aliyekuwa mezani na bisibisi zake, alicheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Hapo umeshamtukana mtoto wa watu," alimwambia. "Rudia."

Alirudia. Kesho yake mgeni alisikia jina lake limetamkwa kama alivyolitamka mama yake, akatabasamu, na Mama Kadi alikuwa na furaha ya siku nzima. Aliipenda kazi yake, tusimsingizie. Kazi ya kuwapa watu habari njema tu, wangapi wanayo?

Sasa huyo mumewe. Alikuwa fundi simu, na mtaani walimwita Fundi, basi. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, akaja angali kijana kumfuata mjomba wake aliyekuwa na meza ya kutengenezea redio karibu na stendi. Mjomba akamfundisha kazi, kisha mjomba akafa, meza akabaki nayo. Akaoa, akapata binti, akasahau hata lafudhi ya kwao. Nchi ndiyo haikusahau kwamba si wake. Ombi lake la kuishi nchini kama mume wa mwananchi lilikuwa katika jengo lilelile la mkewe, ila chini kabisa, katika Ukumbi Mkuu, penye mabenchi marefu na feni inayozunguka bila kutoa upepo. Walilipeleka binti akiwa bado ananyonya. Sasa binti alikuwa anakokotoa desimali, na ombi bado lilikuwa "linashughulikiwa".

Ndivyo lilivyokuwa jengo hilo. Ghorofa ya tatu jibu lilitoka kabla wiki haijaisha. Chini watu walizeekea kwenye benchi. Wala hakukuwa na mtu mbaya wa kumnyooshea kidole. Hakuna aliyedai chochote chini ya meza. Ni kwamba juu walipanda wanaotafutwa, na chini walikaa wanaotafuta. Kampuni za kompyuta zilikuwa zikilia kwamba hazina watu, serikali ikawasikia, dirisha likafunguliwa. Mume wa mtu hakuna kampuni inayomlilia.

Na Mama Kadi asingeweza kuligusa faili la mumewe, hata kuliuliza. Siku ya kwanza kazini alitia saini kanuni: mfanyakazi hatajihusisha na jambo la jamaa yake, wala kulijadili na wakubwa wake. Wenzake walimtania kwamba mganga hajigangi. Alicheka nao, kwa sababu angefanya nini kingine.

Hata hivyo palikuwa na nafuu. Maadamu ombi liko mezani, Fundi hakuweza kufukuzwa. Alifungua kibanda chake, alilala kwake, alimpeleka binti shule. Alikatazwa kitu kimoja tu, kuvuka mpaka. Akitoka, ombi limekufa. Kwa hiyo mama yake mzazi alikuwa hajamwona tangu aanze kusubiri. Waliongea kwenye simu, naye bibi huyo hakuwahi kuzoea simu za picha. Alikuwa akiielekeza kwenye paa, na Fundi alizungumza na mabati.

Kisha bibi akaugua. Moyo umetanuka, daktari alisema, na miguu ikaanza kuvimba. Dada yake Fundi alituma picha ya miguu hiyo. Fundi aliitazama, akaizima simu, akaendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa. Bibi mwenyewe hakumwambia njoo. Alimwambia tu kwamba asijali, kwamba wapo jirani wema. Maneno hayo ndiyo yaliyomkosesha Fundi usingizi. Alichokitaka hakikuwa kikubwa: aende akamwone mama yake, kisha arudi kwa mkewe na mtoto. Aende na arudi. Kwenda alikuwa anaweza hata leo.

Hapo ndipo alipojitokeza Bwana Tai. Huyu alikuwa afisa uajiri wa kampuni moja ya mitambo ya kompyuta, na alikuja mara kwa mara pale dirishani na wageni wake, shingo imekabwa na tai hata siku za joto kali. Siku hiyo alimkuta Mama Kadi hana uchangamfu wake.

"Mama, leo vipi? Jina la huyu umelitamka kama unasoma bili ya umeme."

Akamweleza kwa kifupi. Bwana Tai alikuna kidevu.

"Lakini mumeo si fundi? Sisi tunahangaika kupata mtu wa kutengeneza bodi za ndani ya kompyuta zikiungua. Tunazitupa, hakuna anayezijua. Mlete tumwone. Akifaa, tunamwombea kibali hukuhuku juu."

Hakuwa anatania. Fundi alienda, wakampa bodi iliyokufa, akaifufua, wakamtaka. Nyumbani kwa Mama Kadi kicheko kikarudi. Tatizo lilibaki moja: mtu mmoja haruhusiwi kuwa na maombi mawili. Ili aombe juu, ilibidi afute la chini.

"Tufute?" Fundi aliuliza. Walikuwa jikoni, binti anafanya hesabu zake sakafuni. "Lile angalau linanikalisha."

"Linakukalisha, ndiyo. Mpaka lini? Mama akae anakungoja kwa sababu ya benchi?"

"Na wakikataa?"

Mama Kadi alicheka. Nataka msomaji akikumbuke kicheko hicho vizuri, maana hakikuwa cha majivuno. Kilikuwa cha mtu anayesema analolijua.

"Baba, mimi nimekaa pale tangu dirisha lifunguliwe. Wamepita mamia kwa mamia. Sijaona hata mmoja amekataliwa. Pale juu hawakatai mtu."

Fundi alimwamini. Angemwamini nani tena? Mkewe yuko ofisini kwenyewe. Asubuhi akatia saini, akashuka mwenyewe hadi Ukumbi Mkuu kulifuta ombi lake. Karani wa mafaili, mama mmoja aliyekuwa akinywa chai na Mama Kadi kila siku, aliishika ile karatasi muda mrefu kuliko kawaida. Wakati wa chai alimuuliza shoga yake kama wana hakika. Mama Kadi akamjibu vilevile, kwamba juu hawakatai. Karani akamalizia chai yake. Alijua kilichomo katika ukumbi wake. Ya ghorofa ya tatu aliona yana wenyewe, na mwenyewe ndiye huyo aliyekaa mbele yake.

Jibu lilikuja upesi kama ilivyoahidiwa. Fundi alikuwa kibandani, ameegemea mlango, simu ikalia. Ujumbe ulisema kwamba ombi limekataliwa, kwa kuwa mwombaji hana cheti cha chuo kinachotambuliwa. Kwa kuwa hana ombi lingine lolote, anapewa wiki mbili kuondoka nchini. Anaweza kuomba upya akiwa nje. Ukaishia na asante kwa kutumia Huduma ya Haraka.

Hakumpigia mkewe. Alifunga kibanda, akaenda kumsubiri chini ya jengo hadi atoke kazini, akampa simu asome mwenyewe. Mama Kadi aliusoma akiwa amesimama kwenye ngazi, watu wanampita huku na huku. Akakaa palepale kwenye saruji na mkoba wake mapajani. Fundi akakaa pembeni yake. Waliinuka pale tu walinzi walipokuja kufunga geti.

Kesho yake Mama Kadi alifanya jambo ambalo kanuni ilimkataza. Alipiga hodi kwa mkuu wa kitengo. Mkuu huyu hakuwa mtu mkali. Alimvutia kiti mwenyewe.

"Nimeona, mama. Pole sana."

"Bosi, mbona amekataliwa? Kwetu si hakukataliwi mtu?"

"Nani kakwambia?"

"Nimekaa pale miaka yote hii. Sijawahi kumwona."

Mkuu alimtazama kana kwamba hajamwelewa, kisha akamwelewa, na ikaonekana wazi kwamba angependa asingemwelewa.

"Utamwonaje, mama? Wanaokuja dirishani kwako ni waliokubaliwa, wanafuata kadi. Waliokataliwa wanatumiwa ujumbe kwenye simu, basi, hawapandi hata ngazi. Na ni wengi. Ni wengi kuliko wa kadi."

Miaka yote Mama Kadi alikuwa amekaa mlangoni pa watokao na sahani zimejaa, akaamini jikoni hakuna aliyenyimwa. Hasira ilimpanda, lakini ya kumwangukia nani? Hakuna aliyemdanganya. Ni yeye aliyeyaona kwa macho yake mawili, na macho yake mawili ndiyo yaliyomponza.

"Basi lirudisheni lile la chini," alisema. "Mwacheni asubiri. Hatutauliza tena."

"Limefutwa kwa saini yake. Mfumo umeshalifunga. Hata mimi sina pa kubonyeza." Mkuu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Ungekuja kuniuliza kabla, mama. Ningekwambia."

"Kanuni inasema nisikuulize juu ya mume wangu."

Ilikuwa kweli, na mkuu naye alikuwa ameitia saini kanuni hiyohiyo. Alisema kwamba Fundi akiwa nje aombe tena kama mume wa mwananchi. Mama Kadi akauliza ombi hilo litaanzia wapi kwenye foleni. Mkuu akasema litaanzia mwisho, na wote wawili walijua mwisho wa foleni ile uko wapi.

Akarudi dirishani, maana saa za kazi zilikuwa zimefika na watu wapo. Wa kwanza alikuwa kijana mrefu, mtaalamu wa programu, mkoba begani na lebo ya uwanja wa ndege bado imening'inia. Mama Kadi akamtolea kadi kwa mikono miwili. Jina lilikuwa gumu, na alikuwa amelifanyia mazoezi tangu juzi, kabla ya ujumbe. Likatoka sawasawa.

"Nimeshangaa sana," kijana alisema, anatafuta maneno mojamoja. "Niliambiwa nitangoja. Sikungoja kabisa. Mna bahati, nchi yenu."

"Karibu sana," Mama Kadi alisema. Hakumchukia. Alijaribu kumchukia akashindwa. Kijana alikuwa ameomba kazi na amepata, kosa lake nini? Alipoondoka, Mama Kadi alimwomba Mungu amsamehe kwa kujaribu, kisha akaita anayefuata.

Wiki mbili si kitu. Bwana Tai alikuja kuomba radhi akiwa hana tai, akaahidi kampuni itaandika barua, na wakamshukuru. Fundi alimfundisha mkewe namna ya kuwarudishia wateja simu zao. Lawama hakumtupia hata moja. Mama Kadi aliingoja: wakati wa kula, wakati wa kukunja nguo. Angepata nafuu kama angefokewa, angalau angekuwa na mtu wa kumjibu. Fundi aliuliza tu soksi ziko wapi. Binti aliambiwa baba anaenda kumwona bibi, na aliuliza atarudi lini kama watoto wote wanavyouliza, na wazazi wake wakatazamana kila mmoja akimwachia mwenziwe ajibu, mpaka akachoka kusubiri akaenda kucheza.

Jioni ya kuamkia safari simu ya Fundi ililia akiwa bafuni. Alikuwa bibi. Mama Kadi akapokea, akaona mabati, kisha kipande cha shavu.

"Ndiye wewe, mwanangu? Wewe ndiye nikutakaye." Sauti ilikuwa na pumzi fupi, lakini imejaa furaha. "Wameniambia kesho anatoka. Nimelia. Nikawaambia hapa, si niliwaambia? Mke wa mwanangu yuko ofisini kwenyewe, hawezi kushindwa. Umenitendea jambo, mama. Mungu akulipe."

"Ahsante, mama."

"Na mimi usinione mchoyo. Najua una mtoto, najua nyumba haikai bila mwanamume. Sitamkawiza. Akishaniona macho yangu yakatulia, nitakurudishia mumeo mara moja. Umesikia?"

Maji bafuni yalikuwa yameacha kumwagika. Mama Kadi aliishika simu kwa mikono miwili.

"Hapana, mama," alisema. "Kaa naye tu."