Mkono wa Jebbeh na Simu ya Massah

Mji mzima wa Kenema, ukitaka mtu mwenye mdomo, nenda kwa Jebbeh Vandi. Msaidizi wa sheria yule, asikwambie mtu! Shule aliiachia njiani kama wengi wetu, kazi akafundishwa kwenye semina za wali na samaki, lakini akishuka kwenye pikipiki hata mbwa wa chifu wanabweka kwa adabu.

Kesi yenyewe ilikuwa ya damu. Mzee Momoh alikataa kutoa ardhi yake kwa shamba kubwa la michikichi, na Kpana, mkuu wa walinzi wa shamba hilo, akamkata panga mchana kweupe. Shingo ikabaki inaning'inia. Aliyekamatwa ni Bockarie, mgema tembo, kisa jana yake aligombana na marehemu kilabuni. Walinzi walimtwanga hadi meno mawili yakabaki kichakani, wakamkabidhi polisi kama muuaji. Kilichomngoja ni kifungo cha maisha, na Jebbeh ndiye akaishika kesi yake.

Massah, muuza mawese, alikuwa anachuma majani ya muhogo pale jirani. Akarekodi kila kitu. Akamtumia dada yake, dada akamtumia shoga yake, na mpaka jioni wilaya nzima inayo. Basi vijana wetu, hawajui kukaa kimya, wakaitia muziki wa dansi! Mzee wa watu anakatwa, ngoma inalia. Ilipofika mahakamani, hakimu akauliza, "Hii ni video au harusi?" Akaikataa. Alitaka ile ya kwanza, kutoka ndani ya simu iliyorekodi.

Massah akaileta simu kwenye kapu, chini ya majani.

"Dada Jebbeh, niifungue uone?"

"Iache hapo hapo! Ukiifungua ovyo watasema tumeipika." Jebbeh akabonyeza alama ya ndege tu, mtandao ukatike, mtu asije akaifuta akiwa mbali. Akaitia kwenye mfuko, akaufunga kwa gundi, wakaweka saini wote wawili juu ya mdomo wa mfuko. "Umetoka mkono wako, umeingia mkono wangu. Kutoka hapa ni mkono wa hakimu. Katikati hakuna mkono mwingine, hata wa malaika."

Siku ya kesi akaufunga mfuko kiunoni, ndani ya lapa, kile kitenge chake cha kujifunga, akapanda pikipiki ya dereva wake, Brima. Kabla ya mto wakakuta kamba imekatiza barabara. Brima akaruka na kukimbilia porini, mbio za sungura. Jebbeh akabaki na vijana watatu wa Kpana.

"Simu, mama."

"Simu gani? Hii?" Akawapa ya kwake. Wakaiponda kwa jiwe, picha zote za marehemu mama yake zikaenda. Hawakuridhika. Wa kwanza akampiga rungu la mgongo, akaanguka kifudifudi, akaulalia mfuko. Wakamkanyaga. Mmoja akainama amgeuze, Jebbeh akamdaka sikio kwa meno, akavuta, likatoka nusu.

"Amenila! Huyu mwanamke amenila!"

"Nimeonja tu," akasema, damu inamchuruzika kidevuni.

Ndipo rungu likamshukia mkono wa kushoto, mfupa ukachomoza kama ukuni. Honi ya lori ikasikika, wakakimbia.

Brima akarudi. "Dada, nipe mfuko niupeleke, wewe nenda hospitali, utakufa!"

"Wewe mkimbiaji unyamaze. Ukiushika, wataniuliza Brima ni nani na aliushika kwa nini. Bockarie ataozea jela kwa sababu ya mkono wako. Nifunge mkono kwa pindo la hii lapa, washa pikipiki."

Akaingia mahakamani anadondosha damu sakafuni. Mwendesha mashtaka akarukia papo hapo: "Mheshimiwa, mfuko una damu! Tutajuaje haukuguswa?"

Hakimu akamtazama Jebbeh. "Mfuko umewahi kutoka mikononi mwako?"

"Mheshimiwa, damu ni yangu, nyingine ya sikio la mtu. Mkono umevunjika, mfuko haujafunguka. Tazama saini."

Massah akaitambua saini yake. Mfuko ukakatwa mbele ya wote. Video ikachezwa, safari hii bila ngoma. Panga likasikika linaingia, mzee akaita jina la mwanawe, na Kpana akageuka, sura nzima, anafuta panga kwenye shati la marehemu. Bockarie akaangua kilio kizimbani.

"Mfungueni," hakimu akasema.

Kpana, aliyekuwa benchi la nyuma, akatimka. Hakufika mbali. Vijana wa mji walimkamata mlangoni, mawe na mateke, uso ukawa nyama. Jebbeh akajikokota hadi kizingitini.

"Mwacheni hai! Kesi yake naitaka mimi!"

Mawe yakatulia. Pembeni jamaa mmoja alikuwa bado ameinua simu, anarekodi.

"Na wewe," Jebbeh akasema, anakunja uso kwa maumivu, "usimtumie mtu. Na ukitia muziki, nakula sikio."