Shangazi Aliyemvika Mtemi wa Sinema

Shangazi yangu fundi cherehani tu? Nani kakuambia? Nguo zile za sinema hazikuguswa na cherehani hata moja, na ndiyo maana mpaka leo nikikumbuka kile kikao damu inanichemka.

Kilikuwa kikao cha kamati, Sumbawanga mjini. Walikuwa wanachagua watu wa kuingia kwenye kitabu kikubwa cha mkoa, wasomi wanakiita ensaiklopidia. Mimi shule niliacha mapema, mengine nimejisomea mwenyewe, lakini nilikwenda kumsemea shangazi yangu. Watu wa sinema walipokuja Ufipa kupiga picha za mambo ya zamani, yeye ndiye aliyebuni mavazi yote. Alikwenda mpaka Msanzi kuwauliza vikongwe mtemi alikuwa anafunga shuka bega lipi. Akachukua nguo ya amerikani, mpya ya dukani, akaichemsha na magome, akaisugua kwenye mawe ya mtoni mpaka ukiishika unasema hii imerithiwa.

"Jina lake halipo kwenye sinema," akasema katibu. "Wala gazeti halijamwandika."

"Gazeti gani linakuja huku kuandika habari za mama wa mtaani Kizwite?"

"Punguza jazba, ndugu. Tunataka ushahidi."

Ushahidi! Siku sinema ilipoonyeshwa uwanja wa mpira, mtemi alipotokea tu kwenye kile kitambaa cheupe, wazee wote walichuchumaa wakampigia makofi ya taratibu, vile watemi walivyokuwa wanasalimiwa zamani. Na mtemi mwenyewe tunamjua! Dereva wa lori wa Chanji, asubuhi ile ile katukanwa sokoni kwa kugonga kibanda cha nyanya.

"Walimshangilia mwigizaji," akasema katibu.

"Yule? Lini mtu kamheshimu yule? Mkewe mwenyewe hamwamkii!"

Watu wakacheka. Nikamgeukia mwenyekiti.

"Shikamoo, mzee. Si na wewe ulichuchumaa, tena mstari wa mbele?"

Akaanza kupangapanga makaratasi yake. Hapo ndipo nikaelewa. Utemi umeshafutwa, sasa sote ni ndugu, halafu mwenyekiti mzima kamchuchumalia mtemi wa kwenye kitambaa, mbele ya watu! Ukimwandika shangazi, lazima useme na nguo zake zilifanya nini.

"Toka nje," akasema mwenyekiti.

Wakamwandika mwongozaji wa sinema, mgeni aliyekuja akaondoka hata ugali wa ulezi hajauonja.

Shangazi alikuwa ameshawaambia majirani kwamba anaandikwa. Nilipofika nyumbani aliniangalia usoni mara moja tu, akajua.

"Umemtukana mzee wa watu?"

"Sijamtukana, shangazi. Nimemkumbusha."

Akaendelea kuchambua maharage. Alikuwa anatupa na yale mazima.

Wao wameona aibu ya kuchuchumaa kwao, anayefutwa ni yeye. Kosa lake nini?